Swali Alilopewa Zinaida

Asubuhi ile ya Julai mashuka manne ya Mama Praskovya yalikuwa yanachemka jikoni. Kando yake, kwenye jiko hilohilo, supu ya kabichi ya Faina ilikuwa inachemka. Na Faina mwenyewe alikuwa anachemka kuliko sufuria zote mbili.

“Zinaida Arkhipovna, nakuuliza kwa heshima zote,” alisema, mwiko mkononi. “Mimi nina pua, au sina?”

“Unayo, Faina. Na masikio unayo. Nikifua jioni unasema kelele, nikifua asubuhi unasema mvuke. Nikafulie wapi, mtoni?”

“Mto upo. Jana mume wangu kaonja supu akaniuliza, ‘Leo umepika nini, hospitali?’”

“Mwambie ashukuru. Hospitali hawatii nyama.”

“Kwani mimi nimetia? Nyama iko wapi?”

Wanawake wawili waliokuwa wanamenya viazi wakacheka, kisha wakakumbuka wako upande wa nani, wakainamia viazi vyao.

Familia sita za nyumba ile zilipikia mle jikoni, penye majiko mawili ya gesi na bomba moja la maji baridi. Zinaida alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mabega mapana, sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Tangu Februari, Mama Praskovya, mama mkwe wake, alipopooza upande wa kulia, alikuwa na zamu mbili, na ya kiwandani ndiyo iliyokuwa na mwisho. Muuguzi alikuwa amesema bibi alale pakavu usiku na mchana, maana kidonda kikianza mgongoni kwa mtu wa umri ule hakifungi tena. Basi Zinaida alifua kabla ya kazi na baada ya kazi. Sabuni ya mche ilikuwa imemchuna mikono hata nyuzi za mtamboni zikawa zinanasa kwenye nyufa za vidole vyake.

Faina aliuweka mwiko chini, akatoa karatasi mfukoni mwa aproni.

“Mimi sitaki ugomvi,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuutafuta akaupata. “Tumetia saini watano. Msimamizi wa nyumba amekubali. Mwisho wa Agosti: ama ufuaji wa mgonjwa ukome humu jikoni, ama mzee apelekwe nyumba ya wasiojiweza, nje ya mji. Fomu hii hapa. Anatia saini mwanawe.”

Zinaida aliipokea kwa mkono wenye povu. Hakuisoma. Aliingia nayo chumbani, akaiweka juu ya gazeti ambalo mumewe alikuwa analisoma, ikalowesha nusu ya ukurasa.

Ignat alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, mrefu, mpole, asiyelewa wala kumpiga mtu. Ila kila penye tatizo, yeye alikuwa na gazeti. Aliisoma fomu taratibu, akaisoma tena, kisha akaiingiza chini ya taa ya mezani.

“Tuone kwanza,” alisema.

“Tuone nini?”

“Mashine. Ukipata mashine ya kufulia, utafulia humuhumu chumbani. Faina atakuwa hana la kusema.”

“Ignat, mimi kwenye orodha ya kiwanda ni wa mia mbili na kumi na nne. Robo mwaka hii zimekuja sita. Hebu piga hesabu, wewe ndiye msomi.”

“Mambo yanaongezeka, Zina. Soma hapa. Wanasema mwaka huu tutaipita Marekani kwa maziwa.”

Nyuma ya kabati lililogawa chumba, kitanda kilikwaruza sakafu. Mama Praskovya alikuwa anasema kwa nusu ya mdomo tangu apooze, lakini ile nusu iliyobaki ilikuwa imerithi ukali wote.

“Muulize hayo maziwa yanapita njia ipi,” alisema. “Mbona hapa hayapiti?”

&nbsp;

Siku mbili baadaye Gorbunov, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi kiwandani, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa kipara, mwenye leso isiyotoka mkononi wakati wa kiangazi.

“Ndugu Lukyanova, Wamarekani wamekuja.”

“Nimesikia, Ndugu Mwenyekiti.”

“Wamefungua maonyesho yao kwenye bustani ya Sokolniki. Wamejenga nyumba nzima, wameipasua katikati kama tikitimaji ili watu wapite waone vyumba. Wanasema mfanyakazi wa kawaida kwao anaishi humo. Wewe unaamini?”

Zinaida aliyajua maswali yasiyotaka jibu. “Siamini.”

“Vizuri sana. Basi utawauliza.”

Alimsogezea kipande cha karatasi kilichopigwa taipu: *Kwa kuwa nchini mwenu kuna mamilioni ya watu wasio na kazi, ni wafanyakazi wangapi hasa wanaoweza kununua nyumba ya namna hii?* Juu yake aliweka tikiti ya kuingilia. Mjini tikiti ile ilikuwa inatafutwa kama dawa.

“Kwa nini mimi?”

“Una sauti. Na una uso wa mfanyakazi wa kweli.”

Zinaida hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Aliitazama tikiti, akaitazama mikono yake, akaona kama si leo basi tena.

“Ndugu Gorbunov, na ile orodha?”

“Orodha ipi?”

“Ya mashine za kufulia. Nina mgonjwa kitandani. Nina barua ya muuguzi.”

Gorbunov alijifuta kipara. Alitazama mlango kama umefungwa.

“Orodha ni orodha,” alisema. “Lakini orodha, Zinaida Arkhipovna, imeandikwa kwa kalamu ya risasi.”

Jioni hiyo alifanya mazoezi kando ya kitanda, huku anamgeuza mgonjwa na kumtandikia shuka kavu.

“Mimi ndiye Mmarekani,” alisema Mama Praskovya. “Niulize.”

“Kwa kuwa nchini mwenu kuna mamilioni ya watu wasio na kazi, ni wafanyakazi wangapi hasa wanaoweza kununua nyumba ya namna hii?”

“Sote.”

“Mama, hutakiwi kusema sote!”

“Mmarekani mimi au wewe?”

“Utakohoa, utababaika. Gorbunov amesema watababaika.”

“Mimi nilibabaika lini katika maisha yangu?” akauliza bibi. “Niulize tena. Na huo mto uvute juu kidogo, mwanangu, Wamarekani hawalali hivi.”

Ignat alicheka nyuma ya gazeti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari chumba kile kusikia kicheko, na Zinaida, badala ya kufurahi, alikasirika kwamba kicheko kile kilikuwa kimehifadhiwa mahali muda wote huo.

&nbsp;

Siku ya maonyesho jua lilikuwa halina utu. Zinaida alisimama foleni saa mbili na nusu, amevaa gauni lake la sherehe la sufu kwa sababu hakuwa na jingine. Gorbunov alikuwa hatua tatu nyuma, tai shingoni, akijifanya hawajuani.

Jikoni mwa nyumba ile iliyopasuliwa mlikuwa na rangi ya kiini cha yai. Kulikuwa na jiko, jokofu refu kuliko Ignat, na mashine nyeupe ya kufulia yenye kifuniko. Nyuma ya kamba alisimama msichana wa Kimarekani wa miaka ishirini na miwili hivi, madoadoa puani, jina lake limebandikwa kifuani: Lois. Kirusi chake kilikuwa safi na cha kizamani, kama cha bibi aliyefungiwa kabatini tangu enzi za mfalme.

“Karibuni. Nani ana swali?”

Mbele ya Zinaida, mwanamume mnene mwenye medali alinyoosha mkono. “Kwa kuwa nchini mwenu kuna mamilioni ya watu wasio na kazi,” alianza, akavuta pumzi, “ni wafanyakazi wangapi hasa wanaoweza kununua nyumba ya namna hii?”

Zinaida akaachama. Lilikuwa swali lake, neno kwa neno, hata pale pa kuvuta pumzi.

Lois alitabasamu, akajibu kwa takwimu, haraka haraka, kama mtu anayerudisha chenji. Hakubabaika. Kabla hajamaliza, mwanamke mmoja kijana mwenye miwani akadakia: “Kwa kuwa nchini mwenu kuna mamilioni ya watu wasio na kazi…”

“Binti!” sauti ikapaa kutoka nyuma. “Si ameshajibu? Au wewe umeshuka kwenye treni sasa hivi?”

Watu wakacheka. Msichana wa miwani alimaliza swali lake hivyohivyo, akiwa mwekundu mpaka masikio, na Lois akarudia takwimu zake hivyohivyo. Zinaida alihisi kiwiko cha Gorbunov mbavuni.

“Sasa wewe.”

“Limeshaulizwa mara mbili.”

“Uliza!”

“Atanijibu yaleyale.”

“Hukuletwa hapa kujibiwa!” alifoka Gorbunov kwa kunong'ona, leso mdomoni.

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu. Zinaida alikuwa ameamka alfajiri, amefua, ametandika, amepanda treni, amesimama juani ndani ya sufu kama mbuzi, kumbe ameletwa kama redio: ifunguliwe, iseme, ifungwe. Alifungua mdomo. Swali lilikuwepo ulimini, limechacha.

“Dada!” aliita, kwa ile sauti ya mitamboni, na chumba kizima kikamgeukia. “Hiyo mashine. Inakamua?”

“Samahani, mama?”

“Inakamua? Naona imeandikwa inazunguka. Kuzunguka kila kitu kinazunguka. Shuka la kitanda cha mtu mzima, likitoka humo, limekaribia kukauka au linachuruzika maji?”

“Inafua, inasuuza, na inakamua yenyewe,” alisema Lois. Alibonyeza kitufe, mashine ikaanza kuvuma.

“Tupu!” alisema Zinaida. “Ikiwa tupu hata mimi naweza. Tia nguo.”

“Hatuna nguo hapa, mama.”

“Mmebeba nyumba nzima mkavuka nayo bahari, hamkubeba hata soksi?”

Watu wakaangua kicheko, na safari hii Lois naye alicheka, ingawa alijiziba mdomo. Zinaida akavua kitambaa chake cha kichwa, kilicholowa jasho, akakipitisha juu ya kamba. Nyuma yake mama mmoja akarusha leso ya mumewe. Mwingine akamvua mwanawe fulana palepale. Lois alimtazama msimamizi wake, mzee mwenye tai ya kipepeo; mzee akainua mabega. Nguo zikaingia, sabuni ikaingia, kifuniko kikashuka.

Ilichukua dakika ishirini, na hakuna aliyeondoka. Waliokuwa nyuma waliuliza kuna nini, wakaambiwa mama mmoja anafua.

“Na wewe kwenu unayo kama hii?” aliuliza Zinaida.

“Mama yangu anayo ya zamani, ya kukamulia kwa rola mbili. Ilimvunja kidole.”

“Na hii?”

Lois alisita. “Hii anaitamani.”

“Aaa,” likasema kundi zima, bila ubaya.

“Orodha kwenu inachukua miaka mingapi?”

“Hakuna orodha. Unaichukua dukani, unalipa kidogo kidogo kila mwezi.”

“Na mwezi ukikosa?”

Lois alimtupia jicho msimamizi. “Wanakuja kuichukua.”

“Nguo zikiwa ndani?”

“Sijui, mama,” alisema Lois, na hapo kweli alibabaika. “Hilo sijawahi kuulizwa.”

“Na mgonjwa je? Mzee aliyepooza, mashuka manne kwa siku. Kwenu nani anayafua?”

“Bibi yangu alikuwa hivyo. Alifua mama.”

“Bila shaka,” alisema Zinaida.

Mashine ilipotulia hakungoja kualikwa. Alipita chini ya kamba, akafunua kifuniko, akaingiza mikono mpaka viwikoni, akatoa kitambaa chake. Akakiminya. Halikutoka tone. Akakiinua juu, kichwa wazi, nywele zimesimama kwa joto.

“Kimekamuka!” alipaza sauti. “Mama yangu, kimekamuka!”

Watu wakapiga makofi. Taa ya kamera ikamulika mara moja, na tena. Mpiga picha hakuwa wa nchi ile. Zinaida alipogeuka kumtafuta Gorbunov, alimwona amesimama peke yake kati ya watu wanaoshangilia, rangi ya kiazi chekundu.

&nbsp;

Picha ilitoka katika gazeti moja la ng'ambo, na mtu wa juu akamwonyesha mtu wa chini yake, mpaka ikafika mezani kwa Gorbunov. Chini ya picha iliandikwa kwamba mwanamke wa Moscow amelia kwa furaha mbele ya mashine ya Kimarekani. Zinaida hakuwa amelia. Lile lilikuwa jasho. Alilisema hilo mara tatu, na mara tatu aliambiwa si hoja.

Mkutano uliitwa katikati ya Agosti, baada ya zamu, ukumbini mwa kiwanda. Watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wanawake, vumbi la pamba bado nyusini.

“Ndugu Lukyanova alitumwa kuwatikisa Wamarekani,” alisema Gorbunov. “Yeye kaenda kuwafanyia tangazo la biashara. Bure! Sasa atajikosoa.”

Zinaida alipanda jukwaani na karatasi aliyoandikiwa na Ignat kwa mwandiko wake mzuri. Walikuwa wamekesha wakigombana juu yake. Ignat alitaka maneno laini, na yeye alikuwa amechoka mno kushindana. Akasoma: “Mimi, Zinaida Arkhipovna Lukyanova, nakiri kwamba niliacha mahitaji madogo ya nyumbani yafunike wajibu wangu…”

Akasimama.

“Endelea,” alisema Gorbunov.

“Hapa pameandikwa ‘mahitaji madogo’.”

“Soma kilichoandikwa.”

“Si madogo, Ndugu Mwenyekiti. Ni mashuka manne kwa siku. Kwa wiki ni ishirini na manane. Nasoma, lakini nasema tu kwamba si madogo.” Akasoma mpaka mwisho, bila kituo wala mkato, kama anayemeza dawa.

“Maswali?” aliuliza Gorbunov, kwa mazoea, na papo hapo akaonekana ametamani neno lile limrudie kooni.

Mkono mmoja uliinuka. Alikuwa mfumaji mzee wa safu ya nyuma, bibi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

“Mimi nina swali kwa Ndugu Lukyanova. Ni kweli inakamua?”

“Swali lihusu ajenda!”

“Si ndiyo ajenda? Tumeitwa kwa sababu ya mashine.”

“Inakamua,” alisema Zinaida.

“Shuka pana?” akauliza mwingine.

“Sikujaribu shuka. Lakini nimeona tumbo lake, mawili yanaingia.”

“Inakula sabuni?”

“Kikombe.”

“Kelele je? Jirani hatasema?”

“Jirani atasema tu, hata ikiwa bubu,” alisema Zinaida, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Gorbunov aligonga chupa ya maji kwa kalamu, akagonga, akagonga, mpaka kalamu ikakatika. Mkutano ulifungwa bila wimbo.

Siku ya tatu hukumu ilibandikwa ubaoni. Karipio kali, na jina lake kutoka namba mia mbili na kumi na nne hadi mia tatu na tisini na saba, ya mwisho kabisa. Kalamu ya risasi, alikumbuka Zinaida akiwa mbele ya ubao, ina ufutio nyuma yake.

&nbsp;

“Maneno ishirini na moja tu!” alisema Ignat. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na sauti yake ilipasuka kwa kukosa mazoezi. “Ungeyasema tu, Zina!”

“Yalikuwa yameshasemwa mara mbili!”

“Ungeyasema mara ya tatu. Ungepungukiwa na nini?”

“Na wewe ungepungukiwa na nini kufua shuka moja? Moja, Ignat, tangu Februari!”

“Mimi nifue jikoni, mbele ya wanawake?”

“Mimi nimesimama jukwaani mbele ya watu mia mbili!”

Ignat alikaa. Aliivuta fomu chini ya taa, akainyoosha kwa kiganja, akafungua kalamu ya wino. Mwisho wa Agosti ulikuwa Jumatatu.

“Unadhani napenda?” alisema, bila kumtazama mtu. “Huko kuna wauguzi. Kuna sehemu ya kufulia. Wewe mwenyewe utakufa kwa mashuka haya.”

“Niletee mimi hiyo,” alisema Mama Praskovya nyuma ya kabati.

“Mama, lala.”

“Ilete nitie saini mwenyewe. Mkono wa kushoto ungali wangu. Kwa nini kalamu ikuchoshe, mwanangu?”

Ignat alibaki ameishika kalamu hewani. Tone la wino likaiva kwenye ncha, likadondoka juu ya meza. Hapo mlango ukagongwa, na Faina akaingiza kichwa.

“Sikuja kwa ugomvi,” alisema.

“Toka,” alisema Zinaida.

“Nataka kuuliza neno moja. Mjini kote wanasema. Ni kweli inakamua?”

Zinaida alimgeukia. “Inakamua, Faina! Inakamua, inasuuza, na ina taa nyekundu! Kaandike barua nyingine, utie saini na wenzako wanne, useme nayo ipelekwe nyumba ya wasiojiweza!”

Faina hakutoka. Aliingia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga chumba kile tangu majira ya baridi. Aliona kabati, aliona fomu chini ya mkono wa Ignat, na nyuma ya kabati akaona uso mdogo juu ya mto mweupe, safi kabisa, unamtazama.

“Karibu, Faina,” alisema Mama Praskovya kwa ile nusu ya mdomo. “Naambiwa nimo kwenye supu yako.”

Faina aliinamisha macho. Alikunja aproni, akaikunjua. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo, na hakuna aliyemtazamia.

“Kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri,” alisema mwishowe, kama anayepokonywa, “jikoni hamna mtu. Mfue muda huo. Muda ukifika iwe mmemaliza, dirisha limefunguliwa, mvuke umetoka. Ikizidi dakika moja, nakwenda kwa msimamizi.”

“Peke yangu siwezi,” alisema Zinaida. “Kuchemsha naweza, kusuuza naweza. Kukamua ndiko kunakokula muda. Mtu mmoja na shuka zito, ni kama kupigana na maiti. Nitachelewa zamu, na nikichelewa sasa hivi Gorbunov ananifukuza.”

Hakumtazama Ignat. Faina naye alitazama ukutani. Hata bibi alifumba macho. Kimya kile kilikuwa na adabu kiasi kwamba hakikumwachia Ignat pa kujificha.

Aliifunika kalamu. Akaikunja fomu mara nne, mikunjo sawasawa kama fundi, akampa Faina.

“Saa kumi na moja nitaamka,” alisema.

“Saa kumi,” alisema Zinaida.

&nbsp;

Jumatatu alfajiri Ignat alisimama jikoni kwa fulana ya ndani na ndara, ameshika ncha ya shuka lililosuuzwa kama ameshika mkia wa nyoka. Zinaida alishika ncha nyingine, wakarudi nyuma kila mtu upande wake mpaka likakaza. Wakazungusha. Shuka likazunguka lote, refu, laini, wala halikutoa hata tone.

“Unafanya nini?” aliuliza Zinaida.

“Nakufuata wewe.”

“Usinifuate! Ukinifuata tunarusha kamba kama watoto. Zungusha kulia kwako, mimi kulia kwangu.”

“Kulia kwangu ni kushoto kwako.”

“Ndiyo, Ignat. Ndivyo linavyokamuka.”

Alizungusha kulia kwake. Shuka likajisokota, likawa gumu kama mti, na maji yakamwagika chini, nusu kwenye karai na nusu kwenye ndara zake. Wakati huo mume wa Faina alitokea mlangoni kuwasha sigara kwenye moto wa gesi. Akasimama, sigara mdomoni haijawaka.

“Ignat! Umepandishwa cheo?”

Shingo ya Ignat ikawa nyekundu mpaka mgongoni. Lakini hakuachia. Aliendelea kuzungusha mpaka shuka likakataa, kisha wakalitupa kwenye beseni, wakachukua la pili, na yule bwana, aliyekosa cha kuongeza, akaiwasha sigara yake akaenda zake.

La tatu lilikuwa zito kuliko yote. Katikati ya kusokota Ignat alipumua kwa nguvu, akatazama viganja vyake vilivyovimba. Viganja vya mtu anayechonga chuma kutwa.

“Kwa nini hukuniambia kwamba ni hivi?”

“Nilikwambia kila siku,” alisema Zinaida. “Ulikuwa unasoma.”

Alitaka kuongeza mengine. Alikuwa nayo ya miezi sita, yamepangwa. Lakini saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika ishirini, na chini ya mlango wa Faina taa ilikuwa imekwisha kuwaka. Akafungua dirisha. Hewa baridi ya alfajiri ikaingia, mvuke ukaanza kutoka nje kidogo kidogo.

Ignat aliinama juu ya sufuria, akaopoa shuka la nne mwenyewe kwa fimbo, akashika ncha yake tayari, amepanua miguu, kulia kwake.

“Lisuuze kwanza,” alisema Zinaida.